Kuhamisha Mfumo Endeshi wa Kompyuta: Maana ya Neno na Njia ya Kazi

Kusudi la makala haya ni kueleza kazi moja ambayo wasomi wengi wa lugha hulazimika siku hizi kuifanya wenyewe, au kumpa fundi aifanye, nayo ni kuutoa mfumo endeshi wa kompyuta katika diski ya zamani iendayo polepole na kuuweka katika diski mpya yenye kasi zaidi. Kwa kawaida kazi hii huitwa "kuhamisha mfumo". Nitajaribu kuonyesha kwamba neno hilo, ijapokuwa ni Kiswahili safi, laficha ndani yake matendo matatu yaliyo mbalimbali, na kwamba mtu asiyeyatenga matendo hayo aweza kupoteza kwa saa moja yale aliyoyakusanya kwa miaka ishirini.

Wala jambo hili si la mafundi peke yao. Barua ya ofisi ikipotea huandikwa upya, na hesabu za mwezi zikipotea hupigwa tena kutoka katika stakabadhi. Lakini kompyuta ya mtafiti wa lugha aghalabu imebeba sauti za wazee waliozungumza lahaja zinazofifia, picha za miswada ambayo wenyewe waliirudisha sandukuni, na orodha za msamiati zilizokusanywa kijiji kwa kijiji. Mzee akiisha kufariki hakuna wa kumrekodi mara ya pili. Kwa hiyo kasi tunayoitafuta ni njema, ila haifai inunuliwe kwa bei hiyo.

1. MANENO YATAKAYOTUMIWA

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa ikaayo kati ya mashine na programu nyingine zote. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, kupokea herufi zinazopigwa, kupanga faili katika diski, na kuiruhusu au kuizuia kila programu nyingine ifanye kazi yake. Windows, macOS na Linux ni mifano inayojulikana na wote.

Diski ya zamani nitaiita diski ngumu, kama ilivyozoeleka. Ama ile mpya, mafundi wa madukani huitaja kwa herufi tatu tu, SSD, na kwa kweli si diski hata kidogo, kwa kuwa ndani yake hamna sahani wala kitu chochote kizungukacho. Hata hivyo sioni sababu ya kulikataa neno diski kwa ajili hiyo. Kalamu kwa asili ni tete lililochongwa, nasi leo twaita kalamu hata ile ya plastiki yenye wino ndani yake. Umbo limebadilika, kazi imebaki, na neno limeifuata kazi. Na kwa kuwa wanafunzi wa sayansi wamekwisha kuzoea kusema "hali mango" kwa hali ya vitu vigumu visivyotiririka, nitaiita diski mango.

Diski moja aghalabu hugawanywa, ili kila sehemu ishike mambo yake. Mtu aweza kushawishika kutumia hapa neno kizigeu, lakini kizigeu ni kile kiambaza kinachotenganisha, ilhali sisi twataka jina la kile kilichotengwa. Nitatumia neno fungu. Mgawanyo wenyewe huandikwa mwanzoni mwa diski, katika jedwali. Jedwali la kale, MBR, lilianza mwaka 1983 na lina nafasi nne tu za mafungu makuu. Tena kwa diski za kawaida haliwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 na kidogo. Jedwali jipya, GPT, kwa kawaida huwa na nafasi 128, na kila fungu ndani yake hupewa namba yake ya utambulisho yenye biti 128. Msomaji aikumbuke namba hiyo, maana tutairudia.

2. ASILI YA UPOLE NA ASILI YA KASI

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM, Marekani, mwaka 1956, pamoja na mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika, nayo ilihifadhi herufi milioni 5. Tangu siku hizo diski zimepungua ukubwa na kuongezeka uwezo kupita kiasi, lakini asili yake haikubadilika: sahani huzunguka, na mkono wenye kichwa cha kusomea huenda na kurudi juu yake.

Upole watoka hapo. Diski za kompyuta mpakato nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 11 hivi, na kwa wastani kichwa hungoja nusu ya mzunguko, milisekunde 5.6, mpaka neno linalotafutwa lifike chini yake. Kabla ya hapo mkono wenyewe umetumia milisekunde kama 12 kufika kwenye mstari wake. Jumla ni karibu milisekunde 18 kwa kila jambo linalotafutwa. Kwa mtu anayesoma faili moja ndefu tangu mwanzo hata mwisho, hasara hiyo si kitu, kwa sababu mkono ukiisha kufika hukaa papo hapo. Lakini mfumo endeshi unapoamka hausomi hivyo. Husoma vipande vidogo vidogo maelfu, vilivyotapakaa diski nzima. Tuseme ni vipande 5,000: kwa milisekunde 18 kila kimoja, kungoja peke yake ni sekunde 90.

Diski mango haina mkono wala mzunguko. Huhifadhi maandishi kwa kufungia chaji za umeme ndani ya vijumba vidogo sana vya silikoni. Msingi wake ni kumbukumbu aliyoibuni Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa kampuni ya Toshiba, akaitangaza mwaka 1984. Aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyomo katika diski mango za leo, ilitangazwa mwaka 1987. Kukipata kipande kimoja huchukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vipande vyetu 5,000, basi, havimalizi hata sekunde moja.

Diski mango zenyewe nazo si sawa. Zile zipitiazo njia ya SATA haziwezi kupita megabaiti 550 hivi kwa sekunde, kwa kuwa njia yenyewe ndiyo nyembamba. Zile zifuatazo utaratibu wa NVMe, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011, hupita njia pana zaidi na kufikia maelfu ya megabaiti. Tofauti hii ni kubwa katika hesabu, lakini mtu atokaye katika diski ngumu ataona faida kubwa zaidi katika hatua ile ya kwanza, ya kutoka katika kinachozunguka kwenda katika kisichozunguka.

Na yafaa tuseme pia yasiyobadilika. Diski mpya haiongezi nguvu za kichakato, haikuzi kumbukumbu ya muda, wala haiharakishi intaneti. Kompyuta itaamka upesi na programu zitafunguka upesi. Lakini hesabu nzito, kama ile ya kuchanganua sauti za saa nyingi, itakwenda kwa mwendo wa kichakato kilichopo.

3. KWA NINI HAITOSHI KUBEBA FAILI

Mtu afunguaye folda, akachagua kila kitu, akakiburuta hadi diski nyingine, atakuwa na faili nyingi katika diski ile, lakini hatakuwa na mfumo. Kompyuta haitaamka. Sababu itaeleweka tukifuata jinsi mashine inavyoamka.

Umeme uingiapo, programu ndogo iliyo katika ubao mkuu wa kompyuta huanza kazi. Katika mashine za kale iliitwa BIOS, katika za sasa ni UEFI. Programu hiyo haiujui mfumo endeshi. Ijuavyo ni mahali pa kutafuta. Huenda katika fungu dogo la diski, ambalo mtumiaji kwa kawaida halioni, na humo huikuta programu nyingine, kianzishi. Kianzishi nacho husoma orodha yake, hujua mfumo umo katika fungu gani, hukipakia kiini cha mfumo katika kumbukumbu, ndipo kiini kinapowaamsha wengine wote. Ni kama mgeni aulizaye njia mjini: wa kwanza humwelekeza kwa wa pili, na wa pili kwa wa tatu. Mmoja wao akitaja nyumba ambayo haipo tena, mgeni hafiki, hata kama mwenyeji anayetafutwa yu mzima na mlango wake uko wazi.

Maelekezo hayo aghalabu hayatolewi kwa jina la kirafiki. Hutolewa kwa ile namba ya utambulisho, au kwa namba nyingine ya jinsi hiyo ambayo fungu hupewa linapotayarishwa kupokea faili. Hapa pana njia mbili, na kila moja ina mtego wake. Kama diski nzima imenakiliwa biti kwa biti, namba nazo zimenakiliwa. Maelekezo yatafaa, lakini sasa pana diski mbili zenye utambulisho mmoja, na zikiwashwa pamoja mfumo hautajua ipi ni ipi. Windows ikiona hivyo huizima moja. Ama kama mafungu mapya yameundwa na faili zikanakiliwa ndani yake, namba ni mpya, na maelekezo yote ya zamani yanataja mafungu yasiyokuwamo. Hapo lazima yaandikwe upya. Katika Windows amri iitwayo bcdboot hufanya kazi hiyo. Katika Linux huandikwa upya namba zilizomo katika faili la fstab, kisha kianzishi husimikwa tena.

Zaidi ya hayo, mfumo ulio macho haukai kimya. Huandika na kufuta kila dakika, na faili zake kadha wa kadha hukataa kusomwa zikiwa kazini. Kwa hiyo ni bora unakiliwe ukiwa umelala, kwa kuiamsha kompyuta kutoka katika flashi yenye programu maalumu, au utumie programu iwezayo kuchukua taswira ya diski kwa wakati mmoja na kunakili kutoka katika taswira hiyo.

4. HAMA, HAMISHA, NAKILI

Sasa tulirudie neno. Kitenzi hama chataka mambo mawili: mahali paachwapo na mahali paendewapo. Watu wakihama nyumba, nyumba ile hubaki tupu. Hamisha, kwa kiambishi chake cha kusababisha, huongeza mtendaji mwingine lakini haibadilishi sharti hilo; na hamishia, kwa kiambishi cha kutendea, hukaza tu mahali pa kufikia. Katika maumbo yote matatu kilichohamishwa hakimo tena kilimokuwa.

Lakini katika diski hakuna kitu kinachohama. Hakuna biti moja iliyopata kutoka katika diski ya zamani ikaenda kukaa katika mpya. Kinachotokea ni kwamba ya zamani husomwa, na mpya huandikwa mfano wake. Hilo ndilo tendo la kwanza, nalo jina lake halisi ni kunakili. Neno hili tulilipokea kutoka katika Kiarabu, ambamo mzizi wake una maana ya kubeba kitu kutoka mahali hadi mahali, na pia maana ya kutoa mfano wa maandishi. Kiswahili kilishika hasa maana hii ya pili, na ndiyo inayofaa hapa. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya miswada mingi, hakuwa akiuhamisha mswada. Wa asili ulibaki ulipokuwa, na nakala ingeweza kulinganishwa nao.

Tendo la pili ni kuelekeza: kurekebisha yale maelekezo ya njia ili mashine iiamshe diski mpya. Tendo la tatu ni kufuta yaliyomo katika diski ya zamani. Matendo haya matatu yakifuatana upesi, mtazamaji huona jambo moja na kuliita kuhamisha. Lakini usalama wote wa kazi umo katika nafasi iliyo kati yao. Mpaka tendo la tatu lifanyike, kosa lolote katika la kwanza na la pili laweza kusahihishwa. Likiisha kufanyika, haliwezi. Kwa hiyo anayedhani kwamba anahamisha, na kwamba diski ya zamani ni nyumba tupu, huifuta siku ile ile. Anayejua kwamba amenakili huiweka kabatini.

5. MATAYARISHO

Kwanza, kazi za utafiti zinakiliwe kando, katika diski ya tatu isiyohusika na shughuli hii, kabla ya jambo jingine lolote. Nakala hiyo ihakikiwe. Ziko programu zihesabuzo faili na kutoa alama yake; ile iitwayo SHA-256 hutoa alama ya tarakimu na herufi 64. Alama ya faili la asili na ya nakala zikiwa sawa, faili ni sawa. Biti moja ikigeuka, alama hugeuka kabisa. Huku ndiko kulinganisha nakala na asili, kazi ambayo mhariri wa miswada haihitaji kufundishwa umuhimu wake.

Pili, ichunguzwe afya ya diski ya zamani. Diski ngumu hujiwekea kumbukumbu ya makosa yake, na ziko programu za kuisoma. Ikiwa inagonga, au makosa yanazidi, isitumiwe programu ya kawaida ya kunakili, kwa sababu programu hiyo yaweza kung'ang'ania mahali pabovu mpaka diski ikafa. Kwa hali hiyo hutumiwa ddrescue, ambayo huokoa kwanza yasomekayo kwa urahisi, huandika ramani ya yaliyobaki, ndipo huyarudia.

Tatu, upimwe ukubwa. Diski mango iliyoandikwa gigabaiti 256 huonekana katika Windows kuwa 238. Hakuna udanganyifu hapo: mtengenezaji huhesabu kwa makumi, na Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024. Ikiwa diski ya zamani ni ya gigabaiti 500 na mpya ni ya 256, fungu la mfumo lazima lipunguzwe kwanza liwe dogo kuliko nafasi mpya. Mara nyingi jambo hili huwa na faida ya ziada, maana humlazimu mtu kutenga mfumo na mikusanyo yake ya sauti, ambayo yaweza kubaki katika diski ngumu.

Nne, lilinganishwe umbo. Diski mango ya SATA ya inchi 2.5 huingia mahali pa diski ngumu ya kompyuta mpakato bila shida. Zile nyembamba za umbo la M.2 zaweza kuwa za SATA au za NVMe, na tundu moja laweza kuipokea moja na kuikataa nyingine, ijapokuwa kwa macho zafanana. Tena kompyuta za kale nyingi haziwezi kuamka kutoka katika NVMe hata zikiisoma. Kitabu cha mashine kisomwe kabla ya kwenda dukani.

Tano, ikiwa diski imefungwa kwa maandishi ya siri, kama Windows ifanyavyo kwa BitLocker, ulinzi huo usimamishwe kwa muda, na ufunguo wake wa uokozi wenye tarakimu 48 uandikwe mahali pengine. Kompyuta izimwe kabisa, isilazwe. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 mashine nyingi hulala nusu ingawa mtumiaji amebonyeza pa kuzima, na mafaili huachwa kana kwamba kitabu bado kimefunguliwa. Mwisho, mashine iunganishwe na umeme na betri yake iwe imejaa, ili umeme ukikatika kazi isikatike.

6. KAZI YENYEWE

Diski mpya huunganishwa kwa kebo ya USB, au huwekwa katika tundu lake ikiwa mashine ina nafasi mbili. Kisha kompyuta huamshwa kutoka katika flashi. Programu ijulikanayo sana kwa kazi hii ni Clonezilla, iliyoundwa na kituo cha taifa cha kompyuta cha Taiwan, nayo hutolewa bure. Wenye Windows waweza pia kutumia programu ambazo watengenezaji kadhaa wa diski mango huzitoa kwa wateja wao.

Mahali pa hatari kuu ni pamoja tu: pale programu inapouliza ipi ni diski ya kusomwa na ipi ni ya kuandikwa. Mtu akizigeuza, diski tupu itanakiliwa juu ya diski iliyojaa, na programu itatangaza kwamba kazi imekamilika salama. Katika Linux diski huitwa sda, sdb, na kadhalika, tofauti ikiwa herufi moja. Na katika amri ya kale iitwayo dd, inayosomwa hutajwa baada ya if na inayoandikwa baada ya of. Wanaisimu wanaijua hali hii ya maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu. Mswahili angeweza hata kujisaidia kukumbuka kwa kitenzi tia na kitenzi toa, vinavyotofautiana kwa irabu hizo hizo mbili. Lakini awe mwangalifu: kutia na kutoa huku ni kwa upande wa amri, si kwa upande wa diski. Kinachotiwa katika amri ni maandishi ya diski ya zamani. Kinachotolewa na amri huandikwa katika mpya. Aliyejisemea moyoni "natoa katika diski ya zamani", kisha akaitaja hiyo baada ya of, ameifuta. Kwa hiyo diski isitambuliwe kwa herufi peke yake, bali kwa ukubwa wake na namba yake ya kiwandani, iliyosomwa kwenye kibandiko na kuandikwa karatasini kabla ya kuanza.

Kunakili kukiisha, kompyuta huzimwa, na diski ya zamani huondolewa kabla ya kuiamsha mashine kwa mara ya kwanza. Jambo hili si la kupuuzwa. Zikiachwa zote mbili, pacha hao wenye utambulisho mmoja watagongana. Au mashine itaamka kutoka katika ya zamani, na mtumiaji atafanya kazi wiki nzima akidhani yumo katika mpya. Ikiwa mashine haikuamka, tusiseme kunakili kumeshindikana. Mara nyingi kilichokosekana ni tendo la pili tu: mpangilio wa UEFI hautaji diski mpya, au kianzishi hakijaandikwa upya.

Ipo pia njia ya kutonakili kabisa, yaani kusimika mfumo upya katika diski mpya na kurudisha kazi peke yake. Njia hii huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila programu na kila fonti itasimikwa tena. Lakini mfumo ukiwa mgonjwa, au umeingiliwa na virusi, ni afadhali, maana nakala halisi ya mgonjwa nayo ni mgonjwa. Na wenye Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, wafikiri kwanza kama wanataka kuibeba katika diski mpya au kuingia katika mfumo mwingine.

7. BAADA YA KUAMKA

Mafungu yahakikishwe kuwa yameanzia mahali pafaapo. Mifumo ya sasa huanzisha fungu la kwanza kwenye megabaiti ya kwanza, hali inayopatana na kurasa za ndani ya diski mango; mifumo ya enzi za Windows XP ilianzia kwenye kipande cha 63, na fungu la namna hiyo likinakiliwa kama lilivyo, huipunguzia diski mpya kasi na maisha. Ihakikishwe pia kwamba TRIM inafanya kazi, nayo ni ile amri ambayo kwayo mfumo huijulisha diski ni kurasa zipi hazitakiwi tena. Windows imekuwa nayo tangu toleo la 7 la mwaka 2009.

Amri hiyo ina tokeo moja ambalo mtafiti hana budi kulijua. Katika diski ngumu, faili lililofutwa kwa bahati mbaya aghalabu huweza kufufuliwa, kwa sababu maandishi yake yangalipo mpaka yaandikwe mengine juu yake. Katika diski mango yenye TRIM, kwa kawaida hayapatikani tena. Kadhalika diski ngumu mara nyingi hulalamika kabla ya kufa, ilhali diski mango yaweza kunyamaza ghafula. Tena chaji zilizofungwa katika vijumba vyake huvuja polepole diski ikikaa muda mrefu bila umeme, na joto likizidi huvuja upesi zaidi. Jambo hilo lahusu sana kabati za mwambao wetu. Kwa hiyo diski mango ni mahali pema pa kufanyia kazi, lakini isiwe ghala ya pekee ya sauti za marehemu. Ghala iwe na nakala zaidi ya moja, na mojawapo ikae katika jengo jingine.

Linabaki tendo la tatu. Diski ya zamani ikae majuma kadhaa bila kuguswa, hata mtu athibitishe kwamba kila programu yafunguka na kila rekodi yasikika. Ndipo ifutwe, na kufuta nako kufanywe kwa ukamilifu. Diski itolewayo kwa mtu mwingine ikiwa na mahojiano ndani yake hutoa pamoja na majina ya waliohojiwa, maneno yao, na mambo waliyoyasema kwa kumwamini mtafiti. Diski ngumu huandikwa juu yake yote. Diski mango hufutwa kwa amri maalumu ya mtengenezaji, kwa sababu kuandika juu yake hakufikii kila kijumba.

8. PENDEKEZO

Tangu programu ya Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imekuwa wazi kwamba Kiswahili chaweza kuongoza mkono wa mtumiaji wa kompyuta. Lakini lugha inayoongoza mkono yapaswa kuwa na haki katika vitenzi vyake. Napendekeza, basi, kwamba waandishi wa miongozo na wafasiri wa programu waliweke neno hamisha kwa kazi nzima tu, katika kichwa cha habari, na kwamba ndani ya maagizo yatumike maneno matatu kwa utaratibu wake: nakili, elekeza, futa, kila moja katika aya yake, na kati ya la pili na la tatu liwekwe agizo la kungoja.

Hali kadhalika pale programu inapouliza chanzo na mwisho wa kunakili, lisitumike neno moja lenye kiambishi tofauti, wala maneno yanayoanza kwa herufi moja. "Diski itakayosomwa" na "diski itakayofutwa na kuandikwa upya" ni maelezo marefu, na mfasiri apendaye ufupi atayachukia. Ila mtumiaji aliyechoka, saa nne za usiku, hatayachanganya. Wasomaji walio na maneno mafupi zaidi yenye usalama huo huo wayatoe yapimwe.